Waya au Uzi wa Kusuka Mbele ya Kibao cha Kuzamia

Alfajiri moja pale Msasani, maji yakiwa yanaanza kutoka, kijana mmoja alinionyesha roli mbili alizoletewa na shemeji yake kutoka Marekani. Moja ilikuwa ya waya wa chuma wa nyuzi saba, unang'aa kama mkufu mpya. Ya pili ilikuwa ya uzi wa kusuka wa kijani, laini, mwembamba kiasi kwamba mama yake aliudhani ni wa kushonea. Pamoja nazo kulikuwa na vibao viwili vya kuzamia, vile ambavyo wavuvi wa fimbo huviita plena, vya kuteremsha chambo chini mshipi ukikokotwa.

"Kaka, nifunge upi?" akaniuliza. "Kila ninayemuuliza ananijibu lake."

Chombo kilikuwa kinanisubiri, nikamjibu kwa maneno mawili nikaondoka. Swali lake linastahili zaidi ya hapo. Wengi wetu tunaokokota mishipi kati ya Dar na Fungu Kizimkazi tunabishana juu ya jambo hili mwaka hadi mwaka, na ubishi haufiki mwisho kwa sababu kila mmoja anazungumzia kipande tofauti cha mshipi uleule.

Mshipi wa kukokota wenye kibao una vipande vitatu. Cha kwanza ni mshipi mkuu, unaotoka kwenye rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi kwenye fimbo) hadi kwenye kibao. Nyuma ya kibao kuna nailoni nene ya mita 6 hadi 9 hivi. Mwishoni kabisa, kabla ya ndoana, kuna waya mfupi wa shibiri moja au mbili. Anayesema "nguru bila waya utarudi na mshipi uliokatwa" anasema kweli tupu, lakini anazungumzia kile kipande kifupi cha mwisho. Meno ya nguru na ya mzia hukata nailoni kama wembe, na uzi wa kusuka yanaukata upesi zaidi. Kipande hicho hakina mjadala: ni waya. Swali la kijana lilihusu kipande cha kwanza tu, na huko meno ya samaki hayafiki, ila kwa nadra nitakayoieleza.

Sasa tukitazame kibao. Kile cha baharini ni bamba la chuma lenye ukubwa wa kiganja au zaidi, pua yake imetiwa risasi, na juu yake kuna waya mnene uliopinda ambao pete hutelezea. Mshipi mkuu hufungwa kwenye pete hiyo. Pete ikiwa mahali pake pa kuzamia, bamba linainamisha pua na maji yanalisukuma chini. Umewahi kutoa mkono nje ya dirisha la daladala kwenye barabara ya Bagamoyo? Ukiinamisha kiganja kidogo tu, upepo unausukuma mkono wote chini, na dereva akiongeza mwendo unasukumwa zaidi. Ndivyo kibao kinavyofanya kazi. Samaki akigonga, anavuta mkia wa bamba, pete inateleza, bamba linalala sawa na mkondo wa maji, kisha linapanda juu. Usipokuwa na samaki na ukitaka kizame tena, unalegeza mshipi kidogo, pua yenye risasi inashuka na pete inarudi mahali pake.

Kuna aina nyingine ya duara kama kisosi, inayopendwa na wavuvi wa samoni kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Hiyo ina kifyatuo kinachokazwa kwa skrubu, na sahani ya chini unayoizungusha ili kibao kiende kulia au kushoto ya chombo. Kadiri unavyokipeleka pembeni ndivyo kina kinavyopungua.

Aina zote mbili zinazamishwa na maji yanayopita, wala si uzito wake. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya ubishi inaisha.

Waya ulipata sifa yake katika uvuvi usiokuwa na kibao kabisa. Pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani, wavuvi walikokota waya mtupu nyuma ya chombo kwa mwendo wa pole, mara nyingi waya wa Monel. Hiyo ni aloi ya nikeli na shaba iliyopewa hataza mwaka 1906, ikachukua jina la Ambrose Monell, rais wa kampuni ya International Nickel wakati huo. Kanuni yao ya kienyeji ni rahisi: kila futi 10 za waya unazotoa zinakupa futi 1 hivi ya kina. Hapo waya ndio mshipi na ndio risasi. Uzito wake ndio unaofanya kazi yote, na uzi wa kusuka hauna nafasi, kwa sababu umetengenezwa kwa plastiki ya polithini yenye minyororo mirefu sana ya molekuli, ile inayouzwa kwa majina ya Dyneema na Spectra, na plastiki hiyo huelea.

Lakini ukishafunga kibao, hesabu inabadilika. Chukua mita 60 za waya wa nyuzi saba wenye unene wa milimita 0.38. Nje ya maji utakuwa na gramu 42 hivi. Ndani ya maji ya chumvi, ukiondoa nguvu ya kuelea, zinabaki gramu 36 hivi. Hiyo ni ndimu moja. Kibao chenyewe kikiwa kinazama kwa mwendo wa noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa) kinavuta kwa kilo kadhaa. Ukijaribu kukishika kwa mkono utanielewa. Ndimu moja iliyotandazwa kwenye mita 60 haikipeleki kibao mbali na pale ambapo kingefika chenyewe.

Kinachokizuia kibao kushuka ni unene wa mshipi. Maji yanaukamata mshipi kwa urefu wake wote na kuusukuma nyuma, unapinda kama upinde, na kibao kinabaki juu kuliko ulivyodhani. Ukiongeza unene mara mbili, unaongeza kushikwa huko karibu mara mbili. Nailoni inayobeba ratili 50, yaani kilo 23 hivi, ina unene wa karibu milimita 0.70. Uzi wa kusuka wenye nguvu hiyohiyo una milimita 0.36 hivi. Na ule waya wa milimita 0.38 kwa kawaida umepimwa ratili 30 tu, kilo 13 na ushei. Kwa unene unaokaribiana, uzi wa kusuka unakuzidishia nguvu zaidi ya nusu na hauongezi kushikwa na maji. Ndiyo maana nasema bila kusitasita: mbele ya kibao, mshindani halisi wa uzi wa kusuka ni nailoni, na nailoni inashindwa vibaya. Kati ya waya na uzi tofauti ya kina ni ndogo. Waya utashuka zaidi kidogo, hasa ukienda polepole na ukiwa umetoa mshipi mrefu.

Mwendo nao una habari yake, na hapa bahari yetu ina neno. Maji yanavyokaza ndivyo yanavyokisukuma kibao chini kwa nguvu zaidi, lakini pia ndivyo yanavyoushika mshipi kwa nguvu zaidi, na nguvu hizo mbili zinapanda pamoja. Kwa hiyo kibao chenye uzi mwembamba hukaa karibu kina kilekile ukienda noti 4 au noti 6, mradi hujazidisha hadi kikaanza kuyumba na kufyatuka. Waya mtupu haufanyi hivyo: uzito wake haubadiliki wakati maji yanakaza, basi ukiongeza mwendo unapanda juu. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unakimbia zaidi. Ukitoka Kigamboni kwenda Kimbiji unapanda dhidi yake. GPS inakuambia unakwenda noti 4, kumbe maji yanapita kwenye mshipi wako kwa noti 5 au zaidi. Ukigeuza kurudi, GPS inasoma noti 6 na mshipi unahisi 5 ileile au pungufu. Mwenye waya mtupu anapaswa kubadilisha urefu kila anapogeuza chombo. Mwenye kibao na uzi mwembamba anasumbuka kidogo sana.

Upande wa kunyumbuka, waya na uzi wa kusuka ni ndugu. Nailoni hunyumbuka sana, zaidi ikishalowa. Ukiwa na kibao cha kisosi kilichozama mita 60 nyuma yako na unataka kukifyatua kwa kuvuta fimbo, nailoni inameza mvuto wote kabla haujafika. Uzi au waya unaufikisha papo hapo. Faida nyingine ni kwamba unaona. Chambo kikinasa jani, ncha ya fimbo inabadilika mtikisiko. Samaki mdogo asiyeweza kufyatua kibao hujulikana, na hutamkokota saa nzima bila habari, akavimba maji na kuharibika. Mara ngapi tumevuta mshipi mtupu kumbe tulikuwa na kibua kinaning'inia tangu saa moja asubuhi?

Gharama ya kutonyumbuka ni kishindo. Nguru hugonga kwa kasi, na mdomo wake una sehemu laini zinazochanika. Chombo kinakwenda mbele, samaki anakwenda pembeni, na katikati hakuna chochote kinachotoa. Ndoana inachomoka. Tiba zake ni tatu na zote zitumike pamoja: breki ya rili ilegezwe, ibane kiasi cha kuhimili mvuto wa kibao na ziada ndogo tu, fimbo iwe laini nchani, na ile nailoni ya nyuma ya kibao isifupishwe kwa uvivu wa kuivuta kwa mkono mwishoni, kwa sababu ndiyo inayomeza pigo la kwanza.

Mpaka hapa nimezungumza kama vile kila mtu ana fimbo na rili. Wengi wetu Dar hatuna. Wavuvi wengi wa boti za faiba na ngalawa wanakokota kwa mkono, mshipi umezungushwa kwenye kipande cha mti au dumu. Kwenu ninyi jibu langu ni jingine kabisa, na naliandika kwa uzito: msitumie waya wala uzi wa kusuka kuvuta kibao kwa mkono. Uzi wa milimita 0.36 wenye nguru wa kilo 12 upande wa pili unapita kwenye nyama ya kidole kama kisu kwenye papai. Waya ni mbaya zaidi kwa sababu unajizungusha, na kitanzi kikikaza kwenye kidole wakati chombo kinakwenda, mashine haitazimwa kwa wakati. Nimemshika mkono mzee mmoja pale Feri ambaye kidole chake cha shahada kinaishia kwenye kifundo cha kati. Alikuwa amezungusha mshipi kiganjani ili upate kushika. Kwa mkono tumieni kamba nyembamba ya manila au nailoni nene kabisa, na mkubali kwamba kibao hakitashuka sana. Mkitaka kina zaidi, chukueni kibao kikubwa zaidi, msipunguze unene wa mshipi. Mwisho wa kamba ufungwe kwenye chombo, na katikati muweke kipande cha mpira wa tyubu, uvute na kurudi badala ya mkono.

Nirudi kwa wenye rili. Waya una tabia ya kulipiza. Hautakiwi kulegea hata mara moja. Unapoutoa, kidole gumba kinakaa juu ya gurudumu la rili muda wote, maana ukiuachia unaruka kama springi na kujifunga fundo ambalo halifunguki. Kitanzi kikikazwa, waya unavunjika kona. Unaunyoosha kwa koleo, unaonekana mzima, lakini pale umeshakufa. Utakatika siku ukipata jodari wa maana. Mimi mwenyewe nilinyoosha kona moja ya namna hiyo Januari, wakati wa kaskazi, nikajiambia itavumilia. Haikuvumilia, na iliondoka na kibao, klipu na chambo nilichokuwa nimekitunza miaka minne. Siku hizi nikiona kona nakata hapohapo, hata kama nusu ya waya inakwenda.

Halafu kuna chumvi. Waya wa chuma cha pua haushiki kutu upesi kwa nje, ila ule wa nyuzi saba huficha maji ya chumvi katikati ya nyuzi, na kutu inaanzia ndani ambako huioni. Ukiukunja kwenye rili yenye gurudumu la alumini, ni alumini inayoliwa, kwa sababu metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi hufanya kama betri. Uoshe kwa maji yasiyo na chumvi kila siku, na chini yake uweke tabaka la nailoni ya kutosha. Pete za fimbo nazo zinapaswa kuwa ngumu, la sivyo waya unazichimba mfereji kwa msimu mmoja, na mfereji huo ukishakuwepo unakata kila mshipi utakaoupitisha baadaye. Fundo la kawaida halishiki kwenye waya. Wa uzi mmoja unasokotwa wenyewe kwa wenyewe, wa nyuzi saba unabanwa kwa vibanio na koleo lake.

Uzi wa kusuka una udhaifu wake, ingawa ni mpole zaidi kwa mwanafunzi. Unateleza: ukiufunga moja kwa moja kwenye gurudumu la rili, uzi wote utazunguka pale ndani wakati samaki anakimbia na utadhani breki imekufa. Tanguliza mizunguko michache ya nailoni. Fundo lilowe mate kabla ya kulikaza, maana plastiki hii huyeyuka karibu nyuzi 150 za Selsiasi na msuguano wa fundo kavu unatosha kuiumiza. Adui wake mkubwa ni mwamba. Ukigusa matumbawe mara moja ukiwa umekazwa, umekwisha. Kwa anayekokota kwenye kingo za miamba hili si dogo. Hapo ndipo mtu anaweza kuchagua waya bila kosa.

Sababu nyingine ya kuchagua waya ni ile nadra niliyoitaja: nguru wanapokuwa wengi na wana njaa, hugonga kitu chochote kinachong'aa, pamoja na swiveli (kiungo cha chuma kinachozunguka) iliyo mbele ya kibao. Mwenye uzi anapoteza kibao kizima kwa kuumwa pale. Wapo wanaohamia kwenye waya kwa sababu hiyo. Mimi nanunua swiveli nyeusi.

Mwisho wa masika kuna majani. Mito ya Msimbazi na Mpiji ikijaa, mstari wa majani na takataka unakaa baharini kwa siku kadhaa, na mshipi wowote mwembamba unayakusanya na kuyateremsha hadi kwenye kibao, ambacho kinafyatuka chenyewe. Kwenye Maziwa Makuu wanasumbuliwa na viroboto wa maji wenye mkia wa mwiba, walioingia kule miaka ya 1980, wakining'inia kwenye mishipi kama pamba iliyolowa. Sehemu ya ushauri wa Wamarekani kuhusu waya na uzi inatokana na vidudu hivyo. Sisi hatunavyo. Ukisoma ushauri wao, uliza kwanza unahusu maji gani.

Jambo moja usilifanye: kuvuta waya upande mmoja wa tezi na uzi wa kusuka upande mwingine. Siku itakayokuja, chombo kikigeuka haraka mishipi itapishana, na waya utausaga uzi hadi ukatike. Chagua mmoja kwa chombo kizima.

Na kina, utakijuaje? Karatasi iliyokuja na kibao imepimwa kwa mshipi fulani na mwendo fulani ambao si wako. Pima mwenyewe. Baadaye mimi na yule kijana tulikwenda nje ya Ununio, kwenye mchanga mtupu, mbali na hifadhi za bahari, maana Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini zimelindwa tangu 1975 na visiwa vya Sinda vikaongezwa 2007. Tulichagua siku ya maji mafu, kwa kuwa siku za bamvua maji ya Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 na hesabu yote inaharibika. Tukaondoa ndoana, tukafunga chambo kisicho na makali, tukakokota kwa noti 5 kwenye kina cha pima 8 (mita 15 hivi), tukitoa mshipi kidogo kidogo. Ncha ya fimbo ilikuwa inatikisika kwa mpigo mmoja, tik, tik, tik, kisha ghafla ikaanza kuparuza. Kibao kilikuwa kinachimba mchanga. Tukasimama, tukafunga alama ya uzi mwekundu pale mshipi ulipotoka ncha ya fimbo, tukaandika kwenye daftari: kibao gani, mwendo gani, mita ngapi, pima ngapi. Tukarudia kwa roli ya pili ya yule kijana. Tofauti kati ya waya na uzi wake haikufika urefu wa fimbo.

Alichofunga mwishowe ni uzi wa kusuka wa ratili 50, swiveli nyeusi, kibao, mita 8 za nailoni, na shibiri mbili za waya. Roli ya waya aliikata vipande vya shibiri mbili mbili, na msimu huu wote chombo kizima kinatumia hivyo kwenye ndoana.